Mgeni wa miezi mitatu: Nani anampokea mwanagenzi Migori na Homa Bay?

Mwezi Mei ukifika, matatu zinazopita barabara kuu ya A1 kuelekea mpaka wa Tanzania hubeba abiria ambao makanga huwatambua hata kabla hawajauliza nauli. Ni vijana wa vyuo vikuu na vyuo anuwai. Kila mmoja ana begi kubwa la nguo, godoro jembamba lililokunjwa likafungwa kamba, na bahasha ya kaki yenye barua ya chuo na karatasi ya bima. Wapo wanaoteremka Rongo, wapo wa Awendo, na wapo wanaofika hadi mjini Migori. Wanaokwenda ziwani hubadilisha gari Rongo, wakapitia Rodi Kopany na kushuka hadi Homa Bay, mji uliojengwa kando kabisa ya maji ya Ghuba ya Winam.

Wamekuja kufanya uanagenzi wa miezi miwili au mitatu, kabla ya kurudi chuoni kumalizia masomo. Wengi wao hawajawahi kufika huku. Hawana shangazi wa kuwapokea stendi wala binamu wa kuwaazima sufuria. Wanamjua mtu mmoja tu, naye ni jina lililotiwa sahihi chini ya barua ya kuwakubali.

Wahenga walituachia utaratibu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa sana kwa ajili ya lile jembe, na zile siku mbili husahaulika. Mwanagenzi hufika Jumapili jioni, na Jumatatu saa mbili asubuhi yuko ofisini ameshakabidhiwa jembe lake, ilhali hajui atalala wapi usiku ukifika. Nashikilia kwamba namna mji unavyompokea kijana huyu ndiyo huamua kama ataondoka na ujuzi au ataondoka na muhuri tu kwenye daftari lake la kazi. Migori na Homa Bay zina kila sababu ya kulifanya jambo hili vizuri, na zina uwezo.

Kazi zilizowaleta

Ugatuzi ndio uliogeuza mkondo wa safari hizi. Kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi 2013, mwanafunzi aliyetafuta nafasi alielekea Nairobi, Mombasa, Nakuru au Kisumu. Leo Migori na Homa Bay, ambazo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa wilaya moja ya South Nyanza yenye makao yake Homa Bay, zina idara zake za fedha, afya, kilimo, maji, ardhi na mawasiliano. Kila kaunti ina wakazi zaidi ya milioni 1.1 kwa hesabu ya sensa ya 2019. Idara zinazohudumia watu wengi kiasi hicho zinahitaji mikono, na mwanafunzi anahitaji mahali pa kuinolea yake.

Anayesomea uhandisi wa mitambo au kemia ya viwandani huelekea Awendo, kwenye kiwanda cha sukari cha Sony kilichoanza kazi 1979. Huko anajifunza kwa macho jinsi muwa unavyopoteza utamu kila saa unayokaa juani baada ya kukatwa, na kwa nini trela lililokwama matopeni ni hasara kwa mkulima na kwa kiwanda pia. Anajifunza na siasa ya uchumi vilevile, maana mwaka 2025 serikali ilivikodisha viwanda vyake vya sukari kwa kampuni za kibinafsi, Sony ikiwa mojawapo. Maswali ya wafanyakazi na wakulima kuhusu malimbikizo na ajira anayasikia mwenyewe wakati wa chakula cha mchana.

Wa kilimo na sayansi ya wadudu huenda Mbita, katika kituo cha icipe kinachoitwa kwa jina la Thomas Odhiambo, mwanasayansi Mkenya aliyeianzisha taasisi hiyo 1970. Hapo ndipo mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya tembo pembeni ilipofanyiwa kazi kwa miaka mingi, ili kumfukuza kipekecha shina na kuzima kiduha, gugu ambalo wakulima wa huku huliita kayongo. Mwanafunzi aliyezoea kuichora mbinu hiyo ubaoni anakutana na mama mwenye nusu ekari anayeitumia, naye anaulizwa maswali ambayo mtihani haukuwahi kumuuliza.

Wa jiolojia na mazingira huenda Nyatike. Mgodi mkubwa wa Macalder ulifungwa miaka ya 1960, lakini wachimbaji wadogo wa dhahabu wangali wanashuka mashimoni na kuosha mchanga kwa zebaki. Wa uvuvi hukaa na kamati za kusimamia fuo, wakipima samaki wanaoteremshwa alfajiri. Wa biashara na uhasibu wapo Isebania, ambako forodha za Kenya na Tanzania hufanya kazi bega kwa bega. Wauguzi na maafisa wa kliniki wapo katika hospitali za rufaa za kaunti. Walimu watarajiwa wamesambaa katika shule za sekondari za kila tarafa, kuanzia Kehancha hadi Kendu Bay.

Chumba, maji na neti

Shida ya kwanza ni chumba. Mwenye nyumba anataka mpangaji wa mwaka, na mwanafunzi ni wa miezi mitatu. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi na amana ya mwezi mwingine, na mwanafunzi ana fedha za mwezi mmoja na nauli. Hapo ndipo wengi huishia kulala gesti kwa siku kadhaa wakila akiba yao, au kuingia chumba cha kwanza walichoonyeshwa na dalali, bila kuuliza lolote.

Yapo mambo ya kuuliza kabla ya kutoa shilingi. La kwanza ni maji. Mtu anaweza kuliona ziwa lote kutoka dirishani na bado mfereji wa ploti ukatoa hewa tupu siku tatu kwa juma. Uliza maji huja siku gani, tangi ni la lita ngapi na linagawanywa na nyumba ngapi, na mtungi mmoja wa muuzaji ni bei gani. La pili ni stima: je, mita ni yako au mnachangia tokeni na majirani? La tatu ni umbali. Chumba cha bei nafuu kilicho mbali na kazi hugeuka ghali pale unapojumlisha nauli ya bodaboda asubuhi na jioni. La nne ni choo na bafu, na kama kuna taa usiku kati ya mlango wako na choo hicho. Kwa msichana anayeishi peke yake, swali hili la nne ndilo la kwanza.

Kisha neti. Ukanda wa ziwa ni eneo ambalo malaria haina msimu wa mapumziko, na mtu aliyekulia Nyeri, Nyandarua au Nairobi hana kinga aliyonayo mtu aliyekulia kando ya ziwa. Ni huku huku Homa Bay ambako Kenya ilizindua chanjo ya malaria kwa watoto mnamo Septemba 13, 2019, ikiwa miongoni mwa nchi tatu za kwanza Afrika, pamoja na Ghana na Malawi. Chanjo hiyo ni ya watoto wadogo. Mwanagenzi mwenye umri wa miaka 22 anategemea neti yenye dawa, na miguu ya kumfikisha kituo cha afya siku ile ile homa inapoanza. Kumeza dawa za maumivu ukingoja wikendi ndipo ukapimwe ni kosa linalolaza vijana wengi hospitalini.

Ziwa lenyewe lina adabu zake. Maji ya kando ya fuo yana konokono wanaobeba kichocho, kwa hiyo kuoga ziwani kwa sababu wenyeji wanaoga ni kujitafutia maradhi. Jioni viboko hupanda nchi kavu kula majani, na mvuvi yeyote atakueleza njia wanayopita. Anayevuka kwenda visiwa vya Mfangano au Takawiri na avae jaketi la kuokolea, hata kama abiria wengine wamelikalia.

Sahani ya mwenyeji

Mwanafunzi wa bajeti ndogo amefika mahali pazuri, mradi awe tayari kupika. Omena hulisha mtu kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo. Mama sokoni atakufundisha, ukimwomba kwa heshima, kuichagua iliyokaushwa juu ya nyavu badala ya mchangani, kuiosha kwa maji ya moto, kisha kuikaanga kwa nyanya na kitunguu hadi uchungu uishe. Samaki wakubwa kama ngege na mbuta ni wa siku ambayo mzazi ametuma kitu. Mboga ni nyingi na zina majina utakayoyajua kabla ya wiki ya pili: osuga, dek, apoth. Viazi vitamu vya Kabondo vinajaza magunia kando ya barabara, na mananasi ya Rangwe hayahitaji tangazo.

Sokoni ndiko mgeni anakofahamika upesi kuliko ofisini. Nunua nyanya kwa mama mmoja kila jioni, na baada ya siku chache atakujua kwa jina la kwenu, atakuongezea moja juu ya fungu, na ukikosekana siku mbili atauliza uko wapi. Kwa kijana anayeishi peke yake katika mji asioujua, hiyo ni bima isiyoandikwa popote. Anayeagiza chakula kwa simu na kula mlango umefungwa amejinyima bima hiyo.

Ukitoka uwandani ukaingia Kuria, sahani na hewa hubadilika pamoja. Kehancha na Isebania ziko juu, usiku ni wa baridi, na mashamba ni ya mahindi, migomba na, kwa miaka mingi, tumbaku. Ni katika kaunti hii ya Migori ambako mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, chakula na kilimo yalianza kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi. Mwanagenzi wa kilimo anayepelekwa huko hushuhudia mabadiliko ambayo wengine watayasoma vitabuni baada ya miaka 10.

Nchi ya waliofika

Mgeni huogopa lugha. Ofisini watu watazungumza naye Kiswahili na Kiingereza, lakini mazungumzo yenye uzito, yale ya mlangoni na ya wakati wa chai, mara nyingi huendelea kwa Kijaluo, na katika Kuria kwa Kikuria. Kukaa kimya pembeni na kudhani unasengenywa ni rahisi. Kujifunza salamu ni rahisi zaidi. Anayemwambia mzee "oyawore" asubuhi na "erokamano" anapopewa kiti ameshafunguliwa mlango, hata matamshi yakipinda. Watu watacheka, kicheko cha kufurahi, kisha watamsahihisha. Kutoka hapo atafundishwa mengi bila kuomba.

Afadhali mgeni ajue vilevile kwamba eneo hili halina kabila moja wala halijawahi kuwa nalo. Mjini Migori utasikia Kijaluo, Kikuria, Ekegusii, Kiluhya, Kisomali na Kiswahili cha upande wa pili wa mpaka ndani ya soko moja. Wasuba wa Rusinga, Mfangano na Gwassi wana simulizi za mababu waliovuka ziwa kutoka upande wa Uganda wakitafuta makao. Wengi wao leo huzungumza Kijaluo, na Olusuba imebaki na wazungumzaji wachache. Wajaluo nao waliteremka kutoka kaskazini, ukoo baada ya ukoo. Kila jamii iliyopo hapa ilikuwa mgeni siku moja.

Ushahidi wa jambo hilo umesimama kwa mawe huko Thimlich Ohinga, kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Kuta hizo zilizojengwa bila udongo wala saruji, kuanzia karne ya 16, ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Jamii tofauti ziliishi humo kwa nyakati tofauti, za Kibantu na za Kinailoti, na kila iliyoingia ilizikarabati kuta ilizozikuta. Hakuna mahali Kenya panapoeleza vizuri zaidi namna mgeni na mwenyeji wanavyoweza kurithishana makao.

Ndiyo maana namsihi mwanagenzi asizilale wikendi zake. Hifadhi ya Taifa ya Ruma, katika bonde la Lambwe, ni mahali pekee nchini Kenya anapopatikana swala aitwaye korongo akiishi porini. Ziwa Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, lina simulizi ya bibi kizee aliyenyimwa hifadhi kijijini usiku wa sherehe, na kijiji kikazama majini. Wenyeji huisimulia hadi leo kama onyo kwa wanaomfukuza mgeni. Kwenye rasi ya Homa, huko Nyayanga, watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba zana za mawe walizozichimba zina umri wa takriban miaka milioni 2.9. Kisiwani Rusinga, ambako Mary Leakey aligundua fuvu maarufu la sokwe wa kale mwaka 1948, sasa unafika kwa daraja kutoka Mbita. Nauli ya matatu na chupa ya maji zinatosha kumfikisha mwanafunzi mahali ambapo watalii husafiri nusu ya dunia kupaona.

Kufanya kazi kwa fedha za mzazi

Tufike sasa kwenye jambo linalouma. Wanafunzi wengi walio kwenye uanagenzi hawalipwi chochote. Wanafanya kazi saa za ofisi, siku za ofisi, na anayelipa ni mzazi. Mzazi huyo ameshalipa karo, na wakati mwingine chuo humtoza hata kwa muhula ambao mwanafunzi yuko nje. Mwana wa mfanyabiashara atamudu. Mwana wa kibarua wa kukata miwa atakubali nafasi iliyo karibu na kwao hata kama haihusiani na anachosomea, au ataruka chakula cha mchana kwa miezi mitatu.

Waliohitimu wana mipango yao. Tume ya Utumishi wa Umma huwaajiri wanagenzi wake kwa mwaka mmoja na kuwalipa Sh25,000 kwa mwezi. Kwa madaktari wanagenzi, wanaotumwa hata kwenye hospitali za rufaa za kaunti hizi mbili, malipo yalizua mgomo wa siku 56, kutoka Machi 14 hadi Mei 8, 2024. Serikali ilipendekeza Sh70,000 kwa mwezi, ilhali mkataba wa 2017 uliwapa takriban Sh206,000. Wagonjwa waliteseka, vijana waliosoma miaka sita walikaa nyumbani, na mwishowe, Desemba 2024, serikali ilikubali kuuheshimu mkataba ule ule. Funzo ni wazi: kazi ya anayejifunza ni kazi, na nchi inayojaribu kuipata bure hulipa gharama yake mahali pengine.

Sidai kwamba kila mwanafunzi wa miezi mitatu alipwe mshahara. Nadai kwamba aliyeitwa kazini awezeshwe kufika kazini. Nauli na chakula cha mchana ni gharama ndogo kwa shirika na ni kubwa kwa mwanafunzi. Shirika lisilo na fedha kabisa lina vitu vingine: chumba cha wafanyakazi kisicho na mtu, nafasi katika gari linalowachukua wafanyakazi asubuhi, barua ya kumdhamini kwa mwenye nyumba ili asidaiwe amana.

Jembe nalo liwe jembe kweli. Wapo wanafunzi wanaomaliza uanagenzi wakiwa hodari wa kutoa nakala na kuchemsha chai. Msimamizi anatia sahihi daftari, mhadhiri anafika mara moja na kuondoka kabla ya jua kuzama, na wote watatu wanajua kwamba kilichoandikwa humo hakikutendeka. Huo ni udanganyifu ambao nchi itaukuta tena siku mhandisi huyo atakapokabidhiwa daraja. Msimamizi mwema humpa mwanafunzi kazi moja iliyo yake, yenye mwanzo na mwisho, na humwachia aikamilishe: ripoti ya visima vya kata moja, hesabu ya dawa za bohari moja, vipimo vya samaki wa ufuo mmoja kwa wiki nane.

Hatari zisizoandikwa kwenye barua

Kuna jambo ambalo wazazi na vyuo huogopa kulitaja, na kulinyamazia ni kumwacha mtoto peke yake. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta kiwango cha maambukizi ya virusi vya Ukimwi miongoni mwa watu wazima kuwa asilimia 19.6 Homa Bay na asilimia 13 Migori, huku wastani wa nchi ukiwa asilimia 4.9. Takwimu hizi zisigeuzwe kuwa aibu ya watu wa ziwani. Kaunti hizi zimekuwa mstari wa mbele katika matibabu tangu 2001, ambapo shirika la Médecins Sans Frontières lilianza kutoa dawa za kupunguza makali katika hospitali ya Homa Bay, na kliniki za huku zina uzoefu ambao kaunti nyingi hazina. Kijana anayefika anapaswa kuujua ukweli huo, kuijua hali yake, na kujua kwamba huduma za kinga na ushauri zipo hadi kwenye zahanati za vijijini.

Hatari hiyo huambatana na ufukara. Msichana asiye na kodi ya mwezi wa pili hukutana na mwanamume mwenye gari ambaye yuko tayari kusaidia, na wakati mwingine mwanamume huyo ndiye anayetia sahihi daftari lake. Msimamizi kudai mapenzi kwa mwanagenzi wake ni kosa la kisheria. Kila ofisi inayopokea wanafunzi iteue afisa wa kike anayefahamika kwa jina na nambari ya simu, ambaye mwanagenzi anaweza kumpigia bila kupitia kwa msimamizi wake. Chuo nacho kipige simu wiki ya pili, kisingoje siku ya ukaguzi.

Upweke ni hatari ya pili, na huwapata wavulana kwa ukimya zaidi. Jioni ndefu, chumba kitupu na simu mkononi huwapeleka kwenye michezo ya kubahatisha, ambako fedha za chakula huisha kwa dakika chache. Tiba yake inajulikana: kwaya ya kanisa, swala ya jamaa msikitini, timu ya mpira ya mtaa inayofanya mazoezi saa kumi na moja, maktaba ya chuo cha karibu. Chuo Kikuu cha Rongo na Chuo Kikuu cha Tom Mboya, Homa Bay, viko jirani. Kuwafungulia wanafunzi wageni maktaba za vyuo hivyo kwa miezi mitatu hakutavipunguzia kitu.

Deni la Rusinga

Jina hilo la Tom Mboya linatudai. Mwanasiasa huyu wa ukoo wa Rusinga, aliyeuawa Nairobi Julai 5, 1969 na kuzikwa kisiwani kwao, ndiye aliyezunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Afrika Mashariki. Mwezi Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka ikiwa na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata alisafiri msichana kutoka Nyeri aliyepelekwa kusoma Atchison, Kansas. Aliitwa Wangari, na dunia ikaja kumjua kama Profesa Wangari Maathai.

Husimuliwa sana jinsi fedha za ndege hizo zilivyopatikana, Wamarekani mashuhuri kina Jackie Robinson na Harry Belafonte wakitia sahihi barua za kuchangisha. Hatusimulii vya kutosha yaliyofuata baada ya ndege kutua. Vijana hao walifika kwenye miji ya baridi ambamo hawakumjua mtu, na zikapatikana familia za kuwafungulia milango wakati wa likizo, kuwapa makoti, na kuwaelekeza namna ya kupanda basi. Nafasi ya chuo peke yake isingetosha. Mboya alijua kwamba kijana anayetumwa mbali anahitaji mwenyeji upande wa pili.

Leo kisiwa alichozikwa Mboya, na kaunti hizi mbili za ukanda wa ziwa, ndizo zilizo upande wa pili. Homa Bay iliandaa sherehe za kitaifa za Madaraka mnamo Juni 1, 2025, na Agosti mwaka huo huo ikapokea Kongamano la Ugatuzi lililoleta wajumbe kutoka kaunti zote 47. Mji ulioweza kuwalaza wageni wengi namna hiyo hauwezi kushindwa na wanafunzi mia kadhaa wenye magodoro yao wenyewe.

Kwa hivyo naziomba serikali za kaunti zote mbili mambo matatu. Zichapishe kila Aprili orodha ya nyumba zinazokubali wapangaji wa miezi mitatu, zilizokaguliwa maji na usalama. Ziweke siku moja ya kuwapokea wanafunzi wote pamoja, maafisa wa afya na polisi wakiwepo, ili wajuane na wajue pa kukimbilia. Na mabunge ya kaunti, yanayopitisha bajeti kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1, yatenge fungu la nauli na chakula cha mchana kwa kila mwanafunzi aliyeitwa kufanya kazi katika idara za kaunti.

Wewe msomaji mwenye chumba cha ziada Sofia, Makongeni, Rongo au Kehancha, kikodishe kwa miezi mitatu bila amana. Wewe msimamizi, mpe kazi inayofundisha. Na wewe kijana unayefunga begi, kanunue neti kwanza, kisha jifunze salamu. Kaunti hizi zinahitaji madaktari, wahandisi na walimu, na watakaorudi kuishi na kufanya kazi huku ni wale tu waliokaribishwa vizuri walipokuwa hawana kitu.